Dengu Zilizoota kwa Mstari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai miguu imeacha kuvimba na dada anakutunza vizuri huko kwake. Sisi tu wazima, isipokuwa Kaka Mkubwa. Ndiye aliyenituma nikuandikie, maana mkono wake wa kulia umebaki na vidole viwili.

Unakumbuka shamba la bondeni ulilompa Kaka Mdogo baada ya Kaka Mkubwa kuvuna dengu. Akapanda ngano. Ngano ilipofika magotini, dengu zikachomoza katikati, mistari minne iliyonyooka. Akapalilia, zikaibuka nyingine. Akang'oa kwa mikono, zikaibuka tena. Akaanza kusema Kaka Mkubwa anazipanda kwa siri ili amnyang'anye shamba.

Jumatatu akamfuata zizini na panga. Kaka Mkubwa aliapa kwamba zimejiotea, ni punje za mavuno yaliyopita. Mdogo akamjibu, "Zinazojiotea hazipangi foleni." Akala kofi. Akainua panga, mkubwa akakinga kwa mkono. Vidole vitatu vilianguka kwenye samadi, mama. Kwa mkono uliobaki akamkaba mwenzake, akambamiza kichwa kwenye nguzo mpaka majirani walipowaachanisha. Vidole niliviokota mimi.

Kaka Mdogo yuko mahabusu, anatoka Ijumaa. Kaka Mkubwa hataki kesi. Tangu jana ananoa shoka kwa mkono wa kushoto, na anasema uje umzike mwanao.

Ujumbe wake umeishia hapo. Yanayofuata ni yangu.

Kaka Mkubwa alipong'oa dengu wakati wa mavuno yale, aliniachia kazi ya kuzibeba siku hiyo hiyo, kabla jua halijafika utosini. Nilizilaza chini mistari minne, nikaenda kwa shoga yangu kusukwa nywele, nikakaa siku nne. Jua likapasua maganda, punje zikamwagika pale pale. Nikamdanganya Kaka kwamba ndege wamekula. Jumatatu nilikuwepo zizini, nayajua yote haya, panga liko juu, nikanyamaza kwa kuogopa kofi. Kofi tu, mama. Najichukia.

Sasa ananiita nimsomee kabla sijafunga bahasha. Ameketi mlangoni, shoka mapajani. Nitamsomea yote, siruki neno.

Nisalimie dada na wanawe. Barua hii ikikufikia, ujue alinisikiliza hadi mwisho.

Ni mimi,
Kitinda mimba wako