Programu Yetu Imefungiwa Kabatini

Dodoma, Ijumaa, Julai 2006

Upepo umevuma tangu asubuhi, baridi na vumbi kwa pamoja. Midomo imenikauka. Leo nimewachoka watu, na sina nguvu ya kujifanya sijachoka.

Uzinduzi umeahirishwa tena. Mgeni rasmi wetu ni mbunge, mbunge yuko bungeni, na bajeti haijaisha. Mara ya kwanza tulielewa. Mara ya pili tukanung'unika. Leo Mratibu wa mradi ametuita kututangazia habari hiyo huku akitabasamu, kana kwamba ametuletea zawadi.

Kwa asiyejua: karibu mwaka mzima sisi wa kikundi cha Jumamosi, wanafunzi, makarani na wakulima, tumekaa kwenye darasa la kuazima tukitafsiri programu ya kompyuta ya kuandikia barua na kupigia hesabu, iwe ya Kiswahili. Tulijitolea. Tuligombania maneno mpaka chai ikapoa. Tulipomaliza, sidii zikatengenezwa, zikafungwa utepe, zikaingia kabatini ofisini kwa Mratibu. Ufunguo anao yeye.

Na humo zimekaa.

Mchana Mama Ndahani alinipigia kutoka Bahi. Ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaolima mpunga. Alikuwa akipanda basi kila Jumamosi kuja kutusaidia kuchagua maneno ya Kiswahili, kwa sababu kikundi chao kilipewa kompyuta na hakuna kati yao anayejua Kiingereza. Hiyo kompyuta ipo mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake wameweka maua ya plastiki.

Nilimwamkia, akaitikia, akaingia moja kwa moja kwenye shida yake. "Mwanangu, mwenyekiti wa kijiji anasema Jumatatu akiikuta bado imekaa tu, anaihamishia ofisini kwake. Ikiingia kule haitoki. Sasa hizo sidii zetu zinasubiri nini?"

Nikarudi ofisini kuomba moja tu.

"Dada Rehema, taratibu zipo," Mratibu akaniambia, kwa upole kabisa. "Kitu hakijazinduliwa, utakitumiaje?"

Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Anaamini kwa dhati kwamba kitu kisichokatiwa utepe hakijaanza kuwepo. Na sisi tunaamini hivyo hivyo. Leo alipotangaza, hakuna aliyepinga. Mwenzetu mmoja aliuliza tu kama fulana za uzinduzi zitakuwa na kola.

Nami niseme ukweli wangu. Gauni la kitenge nililoshonesha kwa ajili ya siku hiyo linaning'inia nyuma ya mlango, bado limo kwenye nailoni. Nilitaka sana kupiga picha na mheshimiwa. Na nakala ya programu yote ninayo kwenye flashi yangu tangu tulipomaliza.

Nimekuwa nikiomba ruhusa ya kitu kilichomo mkobani mwangu.

Jioni niliifungua. Mwanzoni kabisa kuna leseni, ile iliyotutoa jasho kuliko sehemu nyingine zote. Tulibishana mpaka Mama Ndahani akasimama, akatusomea kwa sauti tusikie kama inaeleweka. Inasema mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuibadilisha, kuinakili na kumpa mwenzake. Tuliyaandika hayo kwa mikono yetu, halafu tukaenda kumkabidhi mtu mmoja ufunguo. Nilicheka peke yangu, kicheko cha hasira.

Kesho ni Jumamosi, siku yetu. Napanda basi la asubuhi kwenda Bahi, na gauni nalivaa, lipigwe vumbi.

Nimempigia Mama Ndahani nikamwambia aondoe maua na kitambaa. Akauliza kama nimepewa ruhusa, maana hataki niharibikiwe kwa ajili yake.

Nikamwambia tumeruhusiwa, mama. Wewe ndiye uliyetusomea.