Picha ya Msumeno Haikuwa Yako

Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi,
Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na usingizi, unaupata? Kama unaupata, nigawie. Sisi wazima. Bosi sasa ana meno manne na hasira za mtu mwenye thelathini na mawili.

Najua umenuna. Ijumaa nilikutumia picha ya zawadi yako, kile kiti cha mtoto cha kulia chakula, kimekatwa nusu kwa nusu, baba Bosi kashika msumeno anachekelea. Chini nikaandika: "Huu ni ushahidi kwamba kimeharibiwa na hakitatumika tena." Ukajibu neno moja, "Nimeona," na tangu hapo simu zangu hupokei.

Shangazi, picha ile haikuwa yako. Ilikuwa ya kampuni.

Redioni walitangaza viti vya aina ile viondolewe majumbani: pini ya mguu wa nyuma huchomoka mtoto akijitingisha. Na Bosi asipojitingisha, ujue anaumwa. Baba Bosi, fundi wa kila kazi asiyoitiwa, akasema atapiga msumari tu, yaishe. Nikamwambia mwanangu hakalii msumari. Kampuni iliyokitengeneza ikatuambia tukikate, tuwatumie picha, watuletee kingine.

Basi, Bosi yuko mgongoni ananivuta sikio, nikachanganya mambo. Wewe ukapata msumeno. Kampuni ikapata picha ya wiki iliyopita niliyokuwekea wewe: Bosi kitini, uji hadi kwenye nyusi, na maneno, "Ona anavyokipenda! Hatoki humo. Mabusu tele."

Dakika tano hazikupita, dada wa kampuni akapiga.

"Mama, mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Mgongoni."

"Asirudi kwenye hicho kiti!"

"Dada, kiti chenyewe nusu iko jikoni, nusu iko kwenye ngazi."

Akashusha pumzi. "Wakili wetu kaiona ile picha, hata chai imemshinda. Mabusu tumeyapokea."

Nikamuuliza, kingemwangusha, kosa lingekuwa la nani? Akasema, "Letu tuliokitengeneza. Si lako, wala la aliyekupa zawadi." Hilo la mwisho nilimwomba alirudie, nikuandikie kama lilivyo. "Ila mngepiga msumari wenu," akaongeza, "hapo tungebishana." Baba Bosi kaenda kuficha nyundo.

Sasa hili sikuandikii kwa utani. Siku ile ya zawadi ulinunua viti viwili, na cha pili anakalia mjukuu wako huko. Nimempigia binamu, kanijibu, "Mama kasema kisiguswe, eti wewe una wivu." Neno lako ndilo linalongojwa. Ndiyo maana barua hii nampa jirani anayesafiri leo, akuwekee mkononi. Ukimaliza kuisoma, mtoeni mtoto. Akae sakafuni, apake uji ukuta mzima. Mimi ninunie hata mwaka, lakini humo asikae tena.

Nisalimie binamu, na huyo mjukuu umfinye shavu kwa niaba ya Bosi. Mungu awafunike nyote, na goti alikumbuke.

Mkishakikata, picha ya kiti iende kampuni, ya mtoto ije kwangu. Tazama mara mbili kabla ya kutuma. Yule wakili ana moyo mdogo.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata usipopokea simu,
Mama Bosi