Msemaji wa Kofia, Kichwa Wazi

Jumatatu, 4 Novemba

Nimesikika redioni! Muda mfupi tu, baada ya habari za miwa, lakini nimesikika. Kumbe sauti yangu inatokea puani. Nimewaambia wenzangu wote wenye ualbino wa mji wetu wa Labasa: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya jua, na ukiona kidonda hakiponi, usingoje — kimbia kliniki! Mtangazaji akasema naongea kama daktari. Nimetembea hadi kituo cha basi nimevimba kichwa.

Nimefika nyumbani nikabadilisha plasta ya sikio. Kidonda kipo tangu Pasaka. Hakiumi sana, kinavuja damu kidogo nikilalia upande ule. Nilijiambia ni mbu. Mbu gani huyo wa kuuma Pasaka, alama ikadumu mpaka Novemba!

Jumanne, 5 Novemba

Sista Shalini wa kliniki alinisikia. Kanipigia simu, kacheka kwanza, halafu kaniuliza ngozi yangu mimi imetazamwa lini. Nikajifanya mtandao mbovu.

"Merewalesi, usinifanye mtoto. Daktari wa ngozi anakuja kwa ndege kutoka mji mkuu, Suva, Ijumaa ya tarehe kumi na tano. Nimekuandika wa kwanza. Usipokuja nitakufuata hapo maktaba kazini kwako nikuvute kwa hilo sikio lenyewe."

Kwa hiyo ameliona! Nami nimefuga nywele miezi yote hii zifunike masikio. Nywele za rangi ya majani makavu zitaficha nini?

Basi, Ijumaa. Naogopa. Naliandika hapa ili nisilazimike kulisema kwa mtu.

Alhamisi, 7 Novemba

Josaia, mwenyekiti wa chama chetu cha wenye ualbino, kaingia maktaba anahema kama kafukuzwa na mbwa. (Chama chetu kinaenea kwenye teksi moja, lakini mwenyekiti tunaye.) Waziri wa Afya anakuja kufungua zahanati. Wapi? Kijijini kwa mama yangu! Na chama kimepewa nafasi ya kusema. Tuna ombi moja tu: mafuta ya jua yawe dawa ya bure, yapatikane kila zahanati, siyo mpaka mtu avuke milima kuja mjini. Msemaji ni mimi, kwa sababu kule ni kwa wajomba zangu.

Nikauliza lini. Ijumaa, tarehe kumi na tano.

Nikasema siku hiyo nina shughuli. Shughuli gani? Nikatazama rafu za vitabu, hazikunisaidia. "Dada, nafasi hii tumeililia," kasema Josaia, na macho yake kweli yalikuwa na maji. Nikakubali. Na — niseme ukweli, hakuna anayesoma — nilikwisha kujiona mbele ya kipaza sauti.

Nikampigia Sista Shalini kuahirisha. Akasema:

"Yaani unaacha kwenda kwa daktari, ili ukamwambie Waziri watu hawafiki kwa daktari."

Nikasema akiliweka hivyo linasikika vibaya. Akasema daktari harudi mpaka Februari. Akaniandika Februari. Hakutania tena, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumapili, 10 Novemba

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo, kofia kichwani. Kofia nzuri, pana, ya ukili. Nilipofika kwenye "kofia ni dawa" nikaigonga kwa kidole. Maridadi!

Halafu nikakumbuka. Kijijini hakuna anayevaa kofia. Kufunika kichwa pale ni kumdharau chifu. Hata watalii wanavua. Tangu nikiwa mdogo, mama alinivua yangu kwenye lile jiwe la kuingilia kijijini, na jioni alinipaka tango kwenye ngozi iliyoungua huku nalia. Mpaka leo nikifika kwenye jiwe mkono unapanda wenyewe.

Dawa yake naijua. Chifu haombwi jambo ila kupitia kwa msemaji wake, na msemaji wake ni Mjomba Semesa, kaka yake mama, anayenipenda kuliko anavyokubali. Tena mimi ni vasu, mtoto wa dada: ninachokitaka kwa wajomba nachukua, wao kazi yao kuguna. Nimewahi kuchukua nguruwe. Nimechukua mikeka. Nimechukua redio ikiwa inaongea! Sasa kofia moja kichwani itanishinda?

Nikampigia. Tukaongea viazi vikuu. Tukaongea harusi ya binamu. Tukarudi kwenye viazi vikuu.

"Mpwa wangu," akasema, "umepiga simu kutoka Labasa kuniuliza habari za viazi?"

Ndiyo, Mjomba.

Mwoga! Serikali nzima nitaiomba mbele za watu. Mjomba wangu, kwenye simu, amenishinda.

Jumatano, 13 Novemba

Nguo ya kola ndefu, imepigwa pasi. Hotuba naijua hata usingizini.

Damu kwenye mto asubuhi, zaidi kuliko juzi. Nimeugeuza mto.

Ijumaa, 15 Novemba

Kijijini, nyumbani kwa Mjomba. Wageni wanakula. Mimi nimejificha na daftari.

Nilivua kofia kwenye jiwe. Bila shaka nilivua. Nikaikunja kwenye kikapu, chini ya nakala za hotuba.

Waziri alichelewa. Turubai liliwatosha wageni na wazee, sisi wengine tukakaa kwenye mikeka uwanjani. Jua la Novemba! Nilijipaka mafuta mpaka nateleza, lakini nilitoka jasho likayaosha yote. Magari yalipofika nikakimbilia kumpa mkono Mheshimiwa Waziri, nikamshukuru kwa moyo wake mkubwa kwa wagonjwa. Alikuwa dereva. Macho yangu haya! Dereva naye akajibu, "Asante, mama, nitajitahidi."

Yaqona, kinywaji chetu cha mizizi cha kumheshimu mgeni, ikanywewa, makofi yakapigwa, nikaitwa. Na nilisema vizuri! Nilisema mafuta. Nilisema kidonda kisichopona. Nikasema, "Kofia ni dawa, Mheshimiwa," nikainua kidole kuigonga — nikagonga nywele.

Waziri akainama mbele. Kwa upole kabisa, bila ubaya wowote, akauliza:

"Na yako iko wapi, mama?"

Chifu ananitazama. Mjomba Semesa, miguu kaikunja pembeni ya chifu, ananitazama. Nikisema kijiji kinakataza, nimemwaibisha mjomba mbele ya mgeni. Nikisema nimesahau, hotuba yangu imekufa pale pale.

Nikasema nimeisahau kwenye basi.

Watu wakacheka. Waziri akacheka, akasema basi tuanze kwa kuwakumbusha wasemaji wetu. Ombi akalipokea, "litaangaliwa." Nikaketi. Josaia alikuwa anatazama mkeka.

Nikaja kujificha huku. Mjomba akanifuata, akaketi mlangoni. Kisha:

"Basi gani? Umekuja kwenye lori la Josaia. Kofia nimeiona kikapuni."

Nikasukuma kikapu nyuma yangu.

"Umedanganya kwa ajili yangu."

Nikasema kidogo tu.

"Na hiyo damu kwenye kola? Nayo kidogo?"

Nikashika sikio. Plasta ilikwisha kuondoka na jasho, sijui saa ngapi. Nimemhutubia Waziri habari za vidonda huku changu kinatiririka!

"Tangu lini?"

"Pasaka."

"Daktari amesemaje?"

"Sijamwona. Yupo Labasa leo." Nikaongeza, kama vile ingesaidia: "Leo tu. Mpaka Februari."

Mjomba akafuta uso kwa kiganja, akatoka. Nikadhani amenikasirikia. Nikalia kidogo — naandika tu.

Amerudi sasa hivi na fungu la mizizi ya yaqona, zawadi anayopelekewa chifu akiombwa jambo, lile kubwa alilokuwa akiliweka kwa harusi ya binamu.

"Nguruwe wangu ulimchukua hukuuliza. Redio yangu ulichukua nikiwa nasikiliza ragbi! Leo kofia ndiyo ya kuniogopa?"

Nikasema kofia siyo yake, ni ya chifu.

"Ndiyo maana naenda kwa chifu. Nitasema mimi. Wewe, kwa mara ya kwanza maishani, utakaa kimya. Tukimaliza, dereva wa Waziri anakupeleka Labasa, nimeshaongea naye. Anakuita rafiki yake."

Labasa ni mbali, jua limeshapinda. Sista Shalini hapokei simu.

Nimetoa kofia kikapuni, imekunjamana. Nimemuuliza niishike au niivae.

"Chifu sijamwomba bado," kasema, "kwa hiyo sijui." Amekwisha kushuka ngazi, mizizi mikononi. Kati ya hapa na nyumba ya chifu ni uwanja wote, na watu wote wameketi pale wanakula, na Waziri.

Ananiita. Hajageuka kunitazama, makusudi. Anasubiri niamue mwenyewe tutavuka vipi.

Mkono umepanda wenyewe, safari hii na kofia imo mkononi, inakwenda kichwani. Nafunga daftari.