Boga amewaogesha kamba

Mwanasaumu, salamu baadaye. Kamba wa Rahima wanakufa.

Wale wa bwawa la kikundi, huku Mtongwe, waliokuwa karibu kuvuliwa. Asubuhi aliona wachache wamelegea, akakimbia nyumbani kusaga kitunguu saumu na manjano achanganye na chakula chao. Ndivyo walivyofunzwa kuwakinga na maradhi.

Kurudi, amkuta mumewe, huyu kaka yangu Boga, na sufuria tupu. Amemwaga maji ya mwarobaini bwawani. Sufuria ile ya kupikia pilau ya harusi, nzima!

"Boga, umefanya nini?"

"Nimewaogesha, mke wangu. Si ndivyo tulivyomuogesha mtoto alipougua surua?"

Amewaogesha! Kamba, wallahi!

Rahima akamwambia, "Ukiwamwagia hivyo ni sumu, Boga. Unawaua." Sauti hata hakuinua.

Sasa wanapinduka matumbo juu, mmoja baada ya mwingine, na kina mama wa kikundi wako njiani. Boga anateka maji ya bahari kwa ndoo, anamimina, anarudi mbio kuteka tena. Rahima ajua hayatafaa kitu. Hajamwambia. Amekunja leso yake, ametwaa ndoo nyingine, anateka naye.