Mama, Chumba Chako Nimempa Mpangaji

Mama,

Nianze na lile utakalonigombeza, maana nakujua, ukilisikia kwa mtu mwingine itakuwa balaa. Chumba chako nimekifungua. Nimempa Mama Zuhura wa banda la uani, yeye na wanawe watatu, na kitanda chako ndicho wanacholalia. Sasa nuna. Ukimaliza kununa unisikilize, kwa sababu na mie leo nina la kukugombeza, na maisha yangu yote sijawahi.

Ni mwezi wa nane tangu tukuzike. Nyumba uliniachia mie niisimamie, na kaka Issa yuko kwake Kinyerezi, anakuja Jumapili, anakunywa chai, anaangalia paa, anaguna, anaondoka. Watu wa mtaa siku hizi wananiita mama mwenye nyumba. Wanadhani nakaa barazani na cherehani yangu nakula kodi za watu. Hawajui kwamba mita ya umeme ni moja na wa chumba cha pili kanunua friji kwa siri, kaifunika kanga kama bi harusi. Hawajui zamu ya kusafisha choo inavyotaka kutoa watu roho. Ukiwa mkali, una roho mbaya. Ukiwa mpole, wanakupanda kichwani. Wewe ulikuwaga unakohoa tu kwenye korido na kila mtu anakumbuka zamu yake. Mie nakohoa, wananiuliza kama nimekunywa dawa.

Hayo madogo. Kubwa ni banda.

Masika yalipoanza, mlango wa Mama Zuhura ukagoma kufunga. Akasema mbao imevimba, na mie nikakubali, mvua hizi kila mbao inavimba. Wiki iliyofuata akaniita nione ufa. Ulikuwa umetoka kona ya dirisha mpaka sakafuni, kidole changu kikaingia. Nikamwita Fundi Kondo, yuleyule aliyekujengea. Akaingia, akapiga kisigino chini mara mbili karibu na kitanda, halafu akatoka haraka kama mtu aliyekumbuka kitu. Alinivuta mpaka karoni ndipo akasema, "Hawa, hapa chini si ndiyo lile shimo la zamani?"

Mama wee. Shimo la choo! Kandambili yangu ilitumbukia humo nikiwa mdogo, ukanichapa huku unalia, ukasema bora imekwenda kandambili kuliko wewe. Lilipojaa mkaliziba kwa zege jembamba na kifusi, miaka ikapita, ukajenga banda juu yake. Kondo anasema alikuomba walichimbue kwanza walijaze mawe. Ukamjibu, "Litajikaza lenyewe." Niliisikia sauti yako kabisa. Ndivyo ulivyosemaga kwa kila kitu, jino bovu, paa linalovuja, hata ndoa yangu. Na wewe huyohuyo ndiye uliyenichosha na methali ya usipoziba ufa.

Kondo akasema wasilale humo hata siku moja zaidi. Basi nikaenda kwa Mama Zuhura. Alikuwa anageuza vitumbua. Ningemwambia nini? Kwamba mama yangu alimpangisha juu ya choo? Niliona aibu, haki ya Mungu, nikatafuta neno la kistaarabu. Nikamwambia, "Mama Zuhura, naomba upishe kwa muda, nataka kufanya ukarabati."

Ukarabati! Katika maneno yote ya Kiswahili nikaokota hilo. Mpangaji gani wa Dar asiyelijua? Mwenye nyumba akitaka kukutoa hasemi toka. Anasema nataka kukarabati, au kuna mwanangu anarudi kutoka Mwanza. Ukishahama, wiki haiishi unasikia kaingia mwingine kwa bei ya juu. Mama Zuhura akanyanyua kijiti chake cha vitumbua, akacheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe.

"Ukarabati kama ule wa Mzee Chande?"

Unamkumbuka Mzee Chande, Mama. Usijifanye. Mchonga vinyago aliyetoka Newala, alikaa banda lile miaka sita hajawahi kuinua sauti. Ulimwambia ukarabati, akapakia magogo yake ya mpingo kwenye mkokoteni, akakushukuru, akaondoka. Ukarabati wenyewe ilikuwa ndoo moja ya rangi, na mie ndiye niliyeshika brashi. Siku ya nne akaingia Mama Zuhura. "Rangi ilikuwa bado inanishika mikono," akaniambia. "Mie ndiye niliyepewa chumba cha ukarabati, Hawa. Leo unidanganye mie?"

Ndipo nikasema ukweli wa shimo, lakini nilikuwa nimechelewa. Kwake ikawa hadithi ya pili baada ya ya kwanza kugonga mwamba. Na Issa, Mungu amsamehe, akamalizia. Alipata habari, akaja siku ya kazi, na futi ya kupimia mkononi. Akapima uwanja wote mbele ya wapangaji, akasema kwa sauti ile yake isiyojua kunong'ona, "Hii ni bahati, Hawa. Watoe, tubomoe, tupandishe fremu za maduka." Mama Zuhura alikuwa karoni anaosha masufuria. Kuanzia hapo hata ningekula kiapo nisingeaminiwa.

Tukafikishana kwa mjumbe. Mjumbe akasikiliza, akasema mwenye nyumba awe na subira na mpangaji naye awe na subira. Asante sana, na shimo nalo tuliombe subira? Ndipo Mama Zuhura akasimama, kidole usoni kwangu. "Kama chumba kinaua, na yeye anatuonea huruma hivyo, mbona cha mama yake kimefungwa kufuli na hakilaliwi na mtu? Si atupe hicho!" Watu wakaitikia, "Hewaa!"

Tangu arobaini yako sikuwa nimekifungua. Mtandio wako uko nyuma ya mlango, na ukikaa karibu unasikia udi na ile dawa yako ya kuchua magoti. Jioni nilikuwaga naegemea mlango kwa nje, basi, nikishaegemea napata nguvu ya kupika. Nilijua nikiwaingiza watu na vitumbua vyao, ile harufu itakwisha kwa siku moja, na mie nitakuwa sina mama kabisa.

Nilikaa siku mbili, Mama. Siku mbili za mvua nimekaa kwenye cherehani, nasikia watoto wa Mama Zuhura wanaruka juu ya sakafu ile, kila kishindo moyo unanipasuka, na bado sikunyanyuka. Nilichagua harufu yako kuliko watoto wa watu. Nalisema kwa sababu sina pa kulisema pengine.

Siku ya tatu akaja Sauda, yule mdogo wa mwisho, ana miaka minne. Akanionyesha gololi. "Anti Hawa, gololi yangu inatembea yenyewe. Naiweka mlangoni, inaenda kitandani." Akacheka, kwake ilikuwa mchezo. Nikaangusha mkasi.

Nilitoa ufunguo msumarini, nikafungua. Nilijitahidi nisilie, nikaweza mpaka nilipoona ndala zako, umeziacha zimeelekea mlangoni, tayari kuvaliwa. Nilipomaliza kulia nikachukua kufuli na funguo zote mbili, nikaenda uani, nikamnyooshea Mama Zuhura mbele ya kila mtu. Nikamwambia, "Kufuli lako, funguo zako, mie sibaki na wa akiba. Na banda lifunge, ufunguo wake kaa nao vilevile. Sikutoi nje. Nakuingiza ndani."

Akaniangalia weeee. Halafu akauliza, "Shahidi wako nani?"

"Mama yangu," nikasema.

Jibu la ovyo, marehemu ataitwaje shahidi? Lakini Mama Zuhura akafuta unga mikononi, akazipokea.

Walihamia Alhamisi. Kitanda chao walikiacha hukohuko kwa sababu chako ni kikubwa. Jumamosi baada ya adhuhuri nilikuwa napinda sketi ya mteja, nikasikia kitu kama gunia la mchanga limeshushwa. Si kishindo, Mama. Ilikuwa kama pumzi. Tulipofika uani, ukuta wa nyuma haupo, sakafu haipo, miguu ya kitanda inatazama juu, na ile harufu, ya miaka yote ile, imetoka.

Mama Zuhura akaanza kuita wanawe. Zuhura, yupo. Ali, kaitikia kutoka ndani. Sauda.

Sauda.

Akakimbilia shimoni. Nikamshika kanga, ikamvuka, nikamshika mwili, akaning'ata mkono mpaka damu, alama bado ninayo. Kando ya shimo udongo ulikuwa unaendelea kudondoka kidogo kidogo. Nikaita Sauda mpaka sauti ikakatika. Na hapo, Mama, nikakulaani. Nilitaja jina lako na neno ambalo sitaliandika. Naomba, kama huko mnasikia, hilo uwe hukulisikia.

Kisha Ali akatoka kwenye korido, anatushangaa. "Sauda kalala," akasema.

Alikuwa kitandani kwako, amelala kwa upana, kichwa kwenye mto wako, mdomo wazi, gololi mkononi. Kelele zote zile hakugeuka hata ubavu. Mama Zuhura akaketi sakafuni pembeni yake, na mie nikaketi. Baadaye akachana ukingo wa kanga yake, akanifunga mkono alioung'ata.

Ningeweza kuishia hapo, tukawa sawa. Lakini kuna Mzee Chande.

Siku yako, kabla jeneza halijatoka, Issa alisimama uani akatangaza kama ilivyo ada, anayemdai marehemu aje kwetu, na aliyekosewa amsamehe. Wanaume wote wakaitikia kwa pamoja, tumemsamehe. Mie nilikuwa dirishani na wanawake, nikamwona Mzee Chande kasimama karibu na mlango wa uani, palepale pembeni ya banda. Hakufungua mdomo. Nilidhani ni uzee.

Jumatatu nikaenda Mabibo anakoishi, nyuma ya soko. Jicho moja limeingia ukungu, lakini bado anachonga. Nikampa shikamoo, akaipokea, na kabla sijakaa vizuri akaniuliza, "Ile sakafu bado inalia?"

Alijua, Mama. Anasema kila akigonga patasi, chini panaitika. Alikwambia mara moja, ukasema ni masikio yake. Akakwambia mara ya pili, na wiki hiyohiyo ukamletea ukarabati. Mie miaka yote nilidhani ulimtoa kwa ajili ya kodi. Kumbe ulimtoa kwa sababu alisema. Halafu ukamweka mwanamke na watoto wake.

Nimelala na hilo siku nyingi, silimezi wala silitemi. Sijui uliogopa nini. Gharama ya kuchimba? Aibu? Watu kusema nyumba ya Mama Hawa imejengwa juu ya choo? Nakukasirikia mpaka mshono unakwenda upande kwenye cherehani. Halafu nazikumbuka siku zangu mbili, nimekaa nasikia vishindo, nakosa pa kusimamia nikuhukumu. Wewe ulikaa miaka. Tofauti yetu ni gololi ya Sauda.

Nilimwomba Mzee Chande radhi kwa niaba yako. Nilipiga magoti, usiniulize. Aliweka patasi chini, akapangusa vumbi la mpingo kwenye mapaja. "Siku ile kila mtu alisema amesamehe," akasema, "na mie nikasema moyoni, acha nisubiri, mwenye nyumba mwenyewe aje kuniuliza. Umekuja. Basi, nimemsamehe." Nikamwambia arudi, tukishajenga upya atapata chumba. Akacheka, akasema umri wake hautaki tena kuhama.

Kwa hiyo hilo limekwisha, Mama. Wala usiliogope tena.

Issa nimemwambia hakuna fremu wala tofali moja mpaka shimo lichimbuliwe lote na lijazwe mawe. Alibisha, nikamwonyesha alama ya meno, akaikunja futi yake. Kondo ameanza na vijana wake, uani hapakaliki kwa harufu, na wapangaji wananuna, ila hakuna aliyeniambia namdanganya. Mama Zuhura anauliza lini aturudishie chumba. Nimemwambia akae. Kinanuka vitumbua sasa. Mtandio wako Sauda anabebea mwanasesere, na mie nimemwachia.

Nakuahidi kitu kimoja. Mpangaji yeyote atakayeingia nyumba hii, mie mwenyewe nitamwambia kilichoko chini ya miguu yake kabla hajashusha godoro, hata kama atageuka aondoke. Hata kama wote wataondoka.

Ijumaa nitakuja kukupalilia. Utanikuta bado nimekasirika, usishtuke, na majani nitayang'oa kwa nguvu. Nakupenda, na hasira hii itakwisha. Ila haitajikaza yenyewe, Mama. Nitaichimbua.

Pumzika.

Mwanao,
Hawa