Siku Mama Alipovua Viatu

Mjukuu wangu Keji,

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi mitatu. Hapa mtaani Nyakuron sote tu wazima.

Umeniuliza kama sala hunituliza kweli, maana majirani wanahama tena kwa hofu ya vita. Nilipokuwa msichana, tukiwakimbia wanajeshi kwenda Uganda, tulisali tukiwa tumevaa viatu na mizigo i kichwani. Asubuhi moja mama yangu alitua mzigo, akavua viatu, akapiga magoti.

“Mama, wakija je?”

“Watasubiri nimalize. Funga macho.”

Hofu haikuniisha. Hata hivyo, siku hiyo nilisali bila kuitazama njia.

Mjomba wako ananitaka nihamie Kampala kabla ya mvua. Ninamwomba Mungu bila haraka. Nikiamua, nitakuandikia mwenyewe, kabla mjomba hajakupigia simu.

Bibi yako