Mkono Juu ya Boneti

Nyumba yenye geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa Kaka,

Anayekuandikia barua hii ni mtu ambaye injini zikimwona zinanyooka zenyewe. Lori likipita barabarani nami niko bafuni naoga, nakwambia lilibadilishwa oili lini na dereva wake amegombana na nani. Pale gereji Fundi anajidai ndiye mwalimu wangu, lakini likija gari sugu naitwa mimi. Naitwa nishike tochi, sawa, lakini si naitwa?

Hujambo lakini? Baridi ya huko imekuachia vidole vyote? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama jogoo aliyemeza kokoto? Sisi wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, mdomo haumsumbui hata kidogo. Dada bado ni fundi cherehani, na bado ananiita Spana, eti kwa sababu nimekakamaa na kichwa kiko wazi. Mwambie aache.

Picha za gari natumaini umezitazama vizuri, hasa ile ya tatu, nilipotoa mkono dirishani. Watu wengi wameniuliza kama ni langu. Sikupata nafasi ya kuwasahihisha.

Najua kigari cha mbio umekitamani tangu ulipokuwa unaendesha kifuniko cha sufuria pale uani, na ulipotuma pesa ukaniachia nikuchagulie kati ya magari yale mawili sikukurupuka. Lile la zamani, la yule mwalimu mstaafu wa hesabu, kwanza lilinichekesha. Lina turbo, lina gia za mkono, linakimbia, sikatai, lakini limenizidi umri na vioo vyake unazungusha kama unasaga nyama. Mwalimu akaniambia, "Njoo kesho saa kumi na mbili asubuhi, mwanangu, ulisikie likiamka. Siliwashi mpaka ufike." Nikaenda na Dada. Likakohoa mara moja, likanguruma, likatulia. Dada akasema palepale, "Hili." Nikamwambia arudi kwenye sindano zake, magari atuachie wenyewe.

Lile jipya, yaani jipya la mkononi, limeshatumika na wengine, unanielewa, lilikuwa kwenye yadi ya yule muuzaji tunayemwita Tabasamu. Alinipokea getini: "Karibu, Injinia!" Kaka, tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Viti vina uzi mwekundu, dashibodi ina skrini kubwa kuliko televisheni yetu, na ukiachia mafuta eksozi inapasuka pa-pa-pa mpaka watu wanageuka. Nilizunguka mtaa mara mbili. Ile ya pili haikuwa na sababu. Jioni nikakuandikia: chukua jipya, ni chuma. Ukaniamini, nikalinunua.

Siku ya nne asubuhi nikaliwasha, limelala nje usiku kucha. Likagonga kama kuna mtu amefungiwa ndani na anataka kutoka. Moshi wa bluu ukajaa uani, Mama akafunga dirisha. Nikamwambia magari ya mbio ndivyo yanavyopiga miayo.

Fundi alilisikiliza dakika moja tu. "Pistoni zimelika, zinacheza ndani. Zikipata moto zinatulia, ndiyo maana ukiendesha husikii kitu." Halafu akanitazama. "We Spana, ulilikagua likiwa baridi?" Nikajibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza. Anasema injini ni ya kufunguliwa yote, la sivyo ni kutafuta nyingine.

Nilirudi kwa Tabasamu kwa fujo zote. Hakutabasamu. Alinionyesha karatasi niliyotia saini kwamba nimelikagua nikaridhika. Ni saini nzuri, ina mkia.

Lile la mwalimu lilichukuliwa na karani mmoja, linapita hapa kila asubuhi likienda kazini. Dada akilisikia anaweka kikombe chini. Ananitazama mpaka lipite. Heri angenitukana.

Mama hajui. Kila jioni analifunika gari kwa shuka lake mwenyewe. Begi la safari liko nyuma ya mlango, limefungwa tangu mwezi jana, maana ameshamwambia mama mdogo kwamba Juni ukija unampeleka kwake wewe kwa gari hili, miaka tisa hawajaonana. Jana alikaa kiti cha mbele nusu saa, gari limezimwa, goti amelinyoosha, anatazama mbele.

Anakusalimu sana. Dada naye, na Fundi, na jirani mshona viatu anayedai ulimwahidi koti. Mungu akulinde kwenye hizo zamu zako na akuongezee subira. Ya sasa haitakutosha.

Ningekupigia, lakini kwenye simu ningekuchekesha, tukaagana bila kusema. Unakumbuka kabla hujaondoka, pikapu ya jirani ilipokuwa inauzwa? Ulishika mkono wangu ukauweka juu ya boneti. Ukasema, kabla ya ufunguo, mkono. Ukikuta moto, muuzaji ameliamsha mapema ana la kuficha. Geuka uondoke.

Sikusahau, Kaka. Pale yadi niliweka mkono. Boneti ilikuwa ya moto. Tabasamu akaniona, akasema, "Twende, Injinia," nami nikautoa mkono nikaingia ndani.

Mdogo wako akupendaye, hata ukikasirika,
Spana